Vistari vya Nyabiyonza

Jumatatu, 3 Machi 2025

Injinia Winston wa barabara amenipa kompyuta ya ofisi, kalamu mbili na daftari hili. Daftari, alisema, ni la kuandikia changamoto za kazi. Changamoto sina. Nitaandika siku.

Kazi yenyewe ni hii. Nyuma ya ghala la chama cha msingi cha kahawa hapa Nyabiyonza kuna kituo cha hali ya hewa: kopo la mvua, kibanda cheupe chenye vipimajoto viwili, na uzio wa miti. Kila siku saa tatu asubuhi Mzee Harerimana anapima mvua ya saa ishirini na nne zilizopita, anasoma joto la juu na joto la chini, anaandika. Alianza mwaka 1991. Madaftari yake yamejaa sanduku zima la bati. Mimi niyaingize yote kwenye kompyuta, nitafute siku zilizokithiri, yaani mvua kubwa kupita zote, joto kali kupita yote na baridi kali kupita zote, kisha nizichoree grafu. Nimepewa miezi mitatu, masika yote.

Kinachotakiwa hasa ni mvua. Wilaya inataka kujenga upya pale Rwabikere, kijito kinachokata barabara kati ya hapa na kwetu Nkwenda. Mvua kubwa kuliko zote ya siku moja ndiyo itakayoamua. Ikitisha, litajengwa daraja. Ikiwa ya wastani, yatawekwa makalavati, mabomba mawili kama yale ya zamani.

Winston aliniuliza kama nitaweza. Nikamwambia nimefundisha jiografia miaka sita. Hakuwa anauliza hilo. Mume wangu Hanifu alichukuliwa na maji palepale Rwabikere mwaka jana, tarehe 18 Aprili. Nikasema nitaweza. Kwangu siku hizi kuweza na kutoweza naona ni mamoja.

Jumanne, 4 Machi

Mwaka 1991 umekwisha. Dusabe, mke wa Mzee, aliniletea ndizi na maharage. Akakumbuka kuwa nimefunga, akacheka, akaondoka na sahani yake. Mvua leo: 0.0.

Alhamisi, 6 Machi

Mwandiko wa Mzee Harerimana ni mzuri kuliko wa walimu wengi niliofanya nao kazi. Naanza na safu ya mvua, ya joto itafuata. Mahali pengine hakuna namba, pana kistari. Vistari nimeviandika sifuri. Kistari ni hakuna, na hakuna ni sifuri. Nani atabishana na kistari?

Ijumaa, 7 Machi

1993 na 1994. Mvua 4.2.

Jumatano, 12 Machi

Nimefika El Niño ya mwaka 1997. Nilidhani ningeona maajabu, lakini ni mvua nyingi za kiasi tu, mfululizo, siku baada ya siku. Mama Rukia, mama yake Hanifu ninayeishi naye, aliniuliza wakati wa kufuturu kazi inakwendaje. Nikamwambia inakwenda. Tukala. Tangu eda yangu iishe hatuna mengi ya kusema. Siku zile mia na thelathini nilizihesabu moja moja, na zilipokwisha sikujua nihesabu nini.

Jumatatu, 17 Machi

2009, 2010, 2011. Mvua 11.0. Kikohozi.

Jumatano, 19 Machi

Leo nimefika mwaka 2024. Nilijua nitaufika. Kidole kilishuka Januari, Februari, Machi, na sikusikia chochote. Aprili 17: 9.5. Aprili 18: 3.1. Kisha vistari vitatu. Kisha Aprili 22: 131.6.

Nilisoma mara tatu. Hakuna namba inayoifikia katika miaka yote thelathini na minne. Niliweka kichwa mezani nikalala. Nililala kweli, kama dakika kumi, mpaka Mzee akaja kuuliza kama naumwa.

Sasa niandike ambalo sijamwambia mtu. Siku ile, saa kumi na moja jioni, Hanifu alinipigia simu. Alikuwa anatoka kununua maharage, yuko na pikipiki ng'ambo ya Rwabikere. Akasema, "Nusra, maji yamepita kidogo juu ya kalavati. Nilale kwa watu huku?" Nikamwambia, "Mvua gani, Hanifu? Hii ya kawaida? Njoo bwana, chakula kinapoa." Akacheka. Akasema haya, nakuja.

Mwaka mzima nimekaa na maneno hayo. Leo daftari linasema mvua ile ilikuwa ya milimita 131.6. Tarehe haikai sawasawa, lakini palikuwa na vurugu siku zile, pengine Mzee alichelewa kuandika. Mvua ya namna hiyo haijawahi kunyesha. Hakuna aliyeweza kuijua, wala mimi.

Alhamisi, 20 Machi

Wakati wa daku nilimwambia Mama Rukia hiyo namba. Akaweka kikombe chini. "Kudura," akasema. "Kudura ya Mwenyezi Mungu. Mwanangu hakuwa mzembe." Kufika adhuhuri dukani kwake kila mteja ameshaipata. Nkwenda nzima sasa inajua mia thelathini na moja nukta sita.

Jumatatu, 31 Machi

Idd. Wageni wengi. Nilivaa gauni la kijani. Mvua sijui, leo sikwenda.

Jumatano, 2 Aprili

Winston amefurahi mpaka akanipa mkono mara mbili. "Mwalimu, kwa namba hii tunaomba daraja, na hakuna wa kutubishia." Naanza safu ya joto. Vidole vimeshazoea, haviniulizi kitu.

Ijumaa, 4 Aprili

Joto, joto, joto. Mvua 17.8.

Jumanne, 8 Aprili

Nimechora grafu ya baridi iliyokithiri. Kompyuta inasema baridi kali kupita zote Nyabiyonza ni nyuzi sifuri, na si mara moja. Ni mara mia moja na arobaini na moja.

Niliitazama kwa muda mrefu. Nyabiyonza haijawahi kuganda. Mahali maji yanapoganda mgomba haukai, na hapa kuna migomba mpaka mlangoni. Nikachora ya joto la mchana, nayo ikanipa sifuri. Mchana wa nyuzi sifuri, hapa Karagwe! Nikarudi kwenye madaftari. Kila sifuri ya joto ni kistari nilichokibadilisha mimi mwenyewe, kwa vidole vyangu visivyouliza. Na kila penye kistari cha joto pana kistari cha mvua, siku ileile.

Mvua inaweza kuwa sifuri. Joto haliwezi. Kwa hiyo kistari si sifuri. Ni siku ambayo hakuna aliyesoma.

Nikatazama mvua zangu kumi kubwa kuliko zote. Tisa kati yake zimetanguliwa na vistari. Viwili, vitatu, mahali pengine vitano. Kisha namba kubwa.

Nilifunga kompyuta. Nilikuwa nimeshaelewa, lakini nilitaka kuambiwa.

Jumatano, 9 Aprili

Nilimkuta Mzee Harerimana kwenye kibanda cheupe, anafuta vumbi.

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba mwalimu. Umeamkaje?"

"Salama. Mzee, hivi vistari ni nini?"

"Sikupima."

"Kwa nini hukupima?"

"Msiba." Alilisema kama mtu aliyeulizwa kwa nini anavaa viatu. "Hapa mtu akifa jembe halishikwi mpaka azikwe. Hakuna anayelima, hakuna anayepalilia. Wengine kazi yao jembe, mimi kazi yangu kopo. Mwenzio amelala ndani hajafukiwa, wewe unakwenda kupima maji? Watu watakuonaje?"

"Na mvua ya siku hizo?"

"Inakaa kwenye kopo. Itakwenda wapi? Tukishazika napima yote, naandika. Mwanangu, miaka thelathini na minne sijamwaga hata tone moja la serikali."

Alikuwa anajivunia, na ana haki. Mimi ndiye niliyechukua uaminifu wake nikaufanya gharika. Zile siku zangu zilizokithiri si mvua. Ni mazishi. Grafu yangu nzuri, yenye vilele virefu vya bluu, ni hesabu ya maiti wa Nyabiyonza.

Nikamwonyesha Aprili mwaka jana. Akavaa miwani.

"Aa. Hiyo ni ya yule kijana wa Nkwenda. Mnunuzi wa maharage." Hajui mimi ni nani. Hapa naitwa mwalimu basi. "Hakuwa wa kwetu. Mwislamu, ukoo hatuujui. Lakini maji yalimleta kwenye ardhi yetu. Mwenyekiti wetu, Mbonimpa, akasema maiti aliye kwenye ardhi yetu ni maiti wetu, majembe chini. Ijumaa asubuhi tukaingia mtoni wote. Ijumaa, Jumamosi, Jumapili. Jumamosi ndiyo mvua ilinyesha! Hiyo iliponyesha tulikuwa ndani ya mafunjo, hatuonani. Jumapili saa nane tukampata. Nikamfunika kwa koti langu la mvua, ndugu zake wakaja wakamchukua nalo. Jumatatu nikapima."

"Na mvua ya Alhamisi? Ile iliyomchukua?"

Akafikiri. "Ya kawaida tu. Alhamisi nilikuwa shambani, sikujifunika hata kichwa."

Nilimshukuru. Nilikwenda nyuma ya ghala nikasimama. Nilitegemea nitalia, sikulia. Kijiji cha watu wasionijua kiliacha kulima siku tatu, katikati ya palizi, kwa ajili ya Hanifu. Nayo namba iliyokuwa imenipa usingizi, nimeipoteza. Mambo hayo mawili yalikuja pamoja na sikujua nishike lipi. Ya kawaida tu, alisema. Maneno yangu yaleyale.

Alhamisi, 10 Aprili

Mvua 22.5. Sikufanya kitu.

Jumatatu, 14 Aprili

Nafuta sifuri 141, kwenye mvua na kwenye joto. Na kila namba inayofuata vistari naitoa kwenye mashindano, kwa sababu ni mvua ya siku nyingi. Mvua kubwa ya kweli ya siku moja sasa ni 71.3, ya Novemba 2006. Siyo ya kutisha.

Ijumaa, 18 Aprili

Ijumaa Kuu kwao. Kwetu ni mwaka. Tulisoma dua. Mama Rukia aliwaambia wageni ile namba tena, na mimi nilikuwa namimina chai.

Jumanne, 22 Aprili

Kuna shule moja ya sekondari Nkwenda yenye kopo la mvua. Nilikwenda, mwalimu Adelard akanitolea daftari lao. Aprili 19 mwaka jana, saa tatu asubuhi, mvua ya Alhamisi: 34.0. Aprili 21, mvua ya Jumamosi: 66.

Rwabikere iko katikati ya shule na kituo chetu. Milimita 34. Nimerudi kwenye jedwali langu lililosafishwa nikahesabu siku zilizopata 34 au zaidi tangu 1991. Ziko mia moja sitini na tatu.

Ijumaa, 25 Aprili

Nilimpigia Winston nikamweleza. Akasema, "Mwalimu, kwani nani anajua habari ya vistari?"

"Mimi."

"Sikiliza. Namba ipo kwenye daftari, ina mwandiko wa mpimaji, ina tarehe. Hatukuitunga. Ukiiacha, tunapata daraja. Ukiitoa, 71 inatupa makalavati, na watu watakufa tena. Mimi nakuambia kama kaka yako. Na wewe hasa ndiye ungependa daraja."

Kweli napenda. Nilimwambia nitafikiri. Sijui kwa nini nilisema hivyo, kwa sababu kufikiri nilikuwa nimekwisha kufikiri. Namba ile ikibaki napata daraja, napata na usingizi, na Mama Rukia anabaki na kudura yake. Wote tunanufaika. Lakini nikifumba macho naona mvua ya Jumamosi, iliyonyeshea watu waliokuwa wakimtafuta, nimeihamishia Alhamisi ili inibebee mzigo wangu. Sijakosa haya kiasi hicho. Wala nguvu hiyo sina.

Jumapili, 27 Aprili

Nimemwambia Mama Rukia. Alikuwa anachagua mchele sebuleni. Nilianza na vistari, nikaja kwenye 34, halafu nikamwambia kuhusu simu. Yote, mpaka chakula kinapoa.

Hakuinua uso. Aliendelea kuchagua mchele, chuya huku, mchele huku, mpaka ungo ukaisha. Kisha akaenda kuswali, na ilikuwa bado nusu saa adhuhuri ifike.

Jumatatu, 28 Aprili

Mama hajanisemesha. Mvua 12.4.

Jumanne, 29 Aprili

Hajanisemesha. Mvua 3.0.

Ijumaa, 2 Mei

Hajanisemesha. Anapika, ananiwekea, ananifunikia. Namuogopa. Hili ni jambo la kwanza kulihisi vizuri tangu mwaka jana, nikaona niliandike.

Jumanne, 6 Mei

Hajanisemesha. 0.8.

Ijumaa, 9 Mei

Jana ilinyesha tangu saa nane mchana. Saa kumi nilimpigia Winston nikamwambia, "Njoo Rwabikere sasa hivi. Usiniulize, njoo." Akaja na gari la ofisi. Mimi nilikuwa nimeshafika kwa bodaboda, nimesimama upande wa Nkwenda. Napita kila siku, lakini nilikuwa sijasimama pale hata siku moja.

Mvua ilikuwa ya kawaida. Wanawake walikuwa wanapita na mikungu ya ndizi kichwani, hawana haraka. Lakini milima yote miwili inamwagia pale, na mabomba yenyewe yamezibwa nusu kwa magogo na majani. Maji yalikuwa yamepanda juu ya barabara, ya rangi ya chai ya maziwa, yanapita taratibu kwa macho. Winston alivua viatu, akakunja suruali, akataka kuonyesha kuwa panavukika. Hatua ya nne maji yakampiga magotini akayumba. Wanaume wawili wakamdaka kwa mikono. Aliporudi alikuwa na kiatu kimoja mkononi.

"Hii ni mvua kiasi gani?" akaniuliza.

"Kesho saa tatu nitakuambia."

Leo saa tatu Mzee alinipa kioo cha kupimia nisome mwenyewe. 36.2. Nikampigia.

"Hiyo tu?" akasema Winston.

"Hiyo tu."

Jumatatu, 12 Mei

Nimemaliza ripoti. Grafu ni sita. Vilele vya bluu vimepungua, zimebaki mvua za watu wa kawaida. Joto la juu kabisa ni 33.4, la chini kabisa 9.1, na usiku unazidi kuwa na joto mwaka hadi mwaka, jambo ambalo hakuna aliyeniuliza. Kwenye ukurasa wa mwisho nimeandika hivi, nanakili hapa nisije nikajikana:

"Mvua ya 131.6 ya Aprili 2024 ni ya siku nne, na isitumike. Mvua iliyomuua mtu Rwabikere tarehe 18 Aprili 2024 ilikuwa milimita 34 hivi. Mvua ya kiasi hicho au zaidi imenyesha mara 163 katika miaka thelathini na minne, yaani karibu mara tano kila mwaka. Mahali hapa pasipimwe kwa mvua kubwa kuliko zote, kwa sababu hapangojei mvua kubwa. Marehemu aliuliza kama avuke, na mkewe akamwambia mvua ni ya kawaida. Mkewe alisema kweli. Mvua ya kawaida inatosha kuua pale."

Winston alisoma amesimama. Alitaka kusema nifute ile ya mkewe, nilimwona. Badala yake akachukua kalamu akaongeza chini yake: "Nimeshuhudia mwenyewe tarehe 8 Mei. Napendekeza daraja." Akapiga muhuri. Bajeti yenyewe ni ya mwakani, ikipita.

Jumanne, 13 Mei

Jioni Mama Rukia alisimama mlangoni kwangu.

"Hiyo ripoti umeandika?"

"Nimeandika."

"Umeandika na uliyomwambia?"

"Nimeandika, Mama."

Mikono yake ilikuwa na unga. "Mimi nami nilimpigia, saa kumi. Nikamwambia dawa zangu za presha zimekwisha, apitie famasi kabla hawajafunga." Akaitazama mikono yake. "Haya. Njoo ule, chakula kinapoa."

Alisema hivyo hivyo. Sijui kama alikusudia. Nilikwenda nikala.

Jumatatu, 19 Mei

Mvua 1.1. Masika yanaaga.

Jumamosi, 31 Mei

Siku ya mwisho ya mkataba. Mama Rukia alisema tunakwenda wote, na akatoa kabatini koti la mvua la kijani, limefuliwa, limekunjwa. Mwaka mzima lilikuwa mle. Lilikuja na maiti na hatukujua ni la nani. Kumbe nilipomweleza habari ya vistari, na koti nilimtajia.

Mzee Harerimana alilitambua kabla hajalipokea. Akanitazama mimi, akamtazama Mama, akavua kofia. "Mwalimu," akasema. "Siku zote hizo unakuja hapa." Dusabe akamshika Mama Rukia mkono, wakakaa kwenye benchi la ghala.

Mimi nilikuwa nimekuja na ombi. Kwenye kila ukurasa wa madaftari kuna safu ya mwisho ya maelezo, na Mzee hakuwahi kuitumia. Nilimwomba anitajie kila kistari ni msiba wa nani, tuandike, ili atakayekuja baada yangu asiwafanye watu sifuri. Akanitajia tangu 1991 bila kusita. Kantengwa, mke wa fundi. Mtoto wa Anatolia. Mucyo, aliyeangukiwa na mti. Yeye mwenyewe anataja, yeye mwenyewe anaandika, kwa mwandiko wake ule mzuri. Tulikwenda hivyo mpaka saa nane.

Tulipofika Aprili mwaka jana akanipa kalamu.

Niliandika mara tatu, mstari kwa mstari. Msiba, Hanifu. Msiba, Hanifu. Msiba, Hanifu. Kwenye mstari wa nne, penye 131.6, niliandika: mvua ya siku nne.

Mama Rukia alikuwa amesimama nyuma yangu. "Yote hiyo ilikaa kwenye kopo?" akamuuliza Mzee.

"Yote, dada yangu. Sikumwaga."

Hapo ndipo nilipolia. Nililia kwa sauti, mbele ya watu, mpaka Dusabe akaniletea maji, na hakuna aliyeniambia ninyamaze.

Mvua leo: 0.0. Imepimwa.